Kipande Kilichodondoka

Daktari Ragnheidur amenigeuzia kioo cha kompyuta:
kromosomu Y, fupi kama njiti iliyovunjwa,
imepungukiwa kipande.
"Baba yako anacho, Ketill. Kimedondokea kwako."

Nyumbani kuna kitabu cha nasaba,
mwana wa fulani, mwana wa fulani,
miaka mia nane ya wanaume
waliozama, walioganda, ila wakaacha mtu.

Mbegu zangu: saba tu kwenye hadubini.
Moja ina vichwa viwili.
Nyingine inazunguka palepale
kama aliyesahau alichofuata jikoni.

Taa nyekundu za Akureyri
zina umbo la moyo. Tunasimama.
Solrun anaanza kucheka, nami nacheka,
mkono wake umeshika gia na vidole vyangu pamoja.

Kijani. Nyuma wanapiga honi.