Jaji wa Tatu

Fomu ilikuwa na safu tano.
Mavazi, kumi. Kumiliki jukwaa, ishirini.
Sauti, ishirini, sawasawa na jukwaa,
kana kwamba koo na miguu ni mapacha.
Ujumbe, kumi. Wafuasi wa mtandaoni, arubaini,
na hizo zilikwisha kujazwa
kabla hatujaletewa maji ya chupa.

Malindi, ukumbi wa nyuma ya soko,
mimi chini ya feni isiyozunguka,
mwalimu mstaafu wa kinanda na kwaya, jaji wa tatu.
Ukutani bango la mdhamini:
mlima mweupe wa chumvi,
mtoto anacheka, mkononi yai la kuchemsha.

Kundi la saba: Sauti ya Roho.
Akaingia Nyevu wa Kombe, kutoka mashamba ya chumvi,
gauni la kuazima, pini mbili mgongoni zikinasa taa.
Nyayo ndizo nilizoziona kwanza,
zimechanika kama tope la vidimbwi mwezi wa pili.

Watu husema, mzee fulani kala chumvi nyingi.
Kwetu, aliimba, chumvi ndiyo imewala wazee:
ilianza na visigino vya mama,
ikapanda kisimani, ikaingia kwenye chai,
ikaangusha minazi mmoja mmoja
hadi ukuta wa jikoni.

Hakupaza sauti. Gitaa moja tu, la binamu yake.
Neno *kisima* alilishusha polepole
kama ndoo mahali usipojua kina,
halafu akaachia kamba.

Nilihesabu, ni mazoea: mapigo manne.
Mpiga ngoma wa ukumbi alinyanyua fimbo, akairudisha.
Muuza viazi mlangoni akapunguza moto.
Ndipo sauti ikagota maji.

Jaji wa kwanza akaninong'oneza, "Ujumbe mzuri,"
kwa namna ya mtu anayempapasa mtoto kichwani.
Jaji wa pili alilitazama bango, akaitazama simu.
Mimi nikaandika: sauti, kumi na nane.
Nikajumlisha mara mbili. Hesabu haina sikio.
Kwa wafuasi alipata mbili kati ya arubaini.
Jumla, arubaini na tisa.

Tuzo ilikwenda kwa kijana
aliyeimba jina lake mwenyewe mara thelathini na mbili.
Sina ugomvi naye. Alikuwa na adabu,
alikipokea kile kipaza sauti cha plastiki
kwa mikono miwili, rangi ya dhahabu ikambakia viganjani.

Nje, kando ya tangi la maji,
nilimkuta Nyevu akichomoa pini.
"Binti," nikaanza, "ujumbe wako..."
"Mwalimu," akanikatiza,
"ujumbe hata tangazo la baraza linao.
Hata bili ya maji ina ujumbe.
Mimi niliimba.
Niambie: ubeti wa tatu, baada ya kisima,
niliwahi kupanda?"

Miaka kumi na moja nimeketi kwenye viti vile,
sijaulizwa swali hilo.

"Uliwahi," nikasema. "Nusu pigo.
Ulikiogopa kimya chako mwenyewe,
ukakilipa kabla hakijakudai."

Akafumba macho, akairudia pale pale,
bila gitaa, midomo mikavu, tangi likivuja.
Akafika kisimani, akaachia.
Akangoja.
Akangoja tena.
Tone likaanguka kwenye saruji.
Akapanda.

Nakala yangu ya fomu ninayo bado, ile ya njano.
Zile mbili nilizomnyima kwenye sauti
ni za ile nusu pigo, na nitazitetea popote.
Ni zile nyingine zinazoniamsha usiku:
nilizozijumlisha kwa mkono wangu,
nikaweka sahihi, nikaula ule wali wa mdhamini.

Asubuhi nililetewa yai la kuchemsha.
Nikalila chapwa.
"Kwani chumvi imekwisha?" akauliza mke wangu.
Kichupa kilikuwa mbele yangu, kimejaa.