Dole Gumba

Sijafungua kufuli la pili, wao wameshafika:
Meku Materu na gazeti ambalo halikuandika neno,
Mama Aikande na sufuria lake la mtori,
na yule kijana wa Pasua, Elirehema,
aliyeiacha sauti uwanjani
na sasa anabisha kwa mikono.

Reli themanini na moja. Themi themanini na mbili.
Jumatano ilikuwa hivyo. Leo Ijumaa, bado ni hivyo.

"Kocha ndiye katuuza," anaanza Materu.
"Zimebaki dakika mbili, unamtoaje Temu?
Mkono umeshika moto,
unamkalisha benchi, taulo kichwani, kama mwali!"
"Temu alikuwa na faulo nne."
"Nne si tano."
"Ya tano angeikosa vipi, kwa refa yule?"

Haya, refa.
Refa ana zamu yake, kila siku saa mbili.
Ni mwalimu wa hesabu, Kiborloni,
dada yake kaolewa Sakina,
Sakina ni Arusha, Arusha ni Themi,
kwa hiyo filimbi, kwa hesabu za Materu, ni mali ya ukoo.
"Mtu kakatwa mkono! Paa! Nimesikia mpaka jukwaani!"
"Umesikia na mavuvuzela yote yale?
Wewe mkeo akikuita chakula husikii."

Tunacheka. Mimi pia nacheka,
lensi jichoni, kibano mkononi,
saa ya mtu wa Rau imelala wazi mbele yangu
kama samaki aliyetumbuliwa.

Kisha Elirehema anaokota parachichi kapuni.
Anatuonyesha.
Chalii wa Chuga anapokea hapa, mgongo kwa kikapu.
Anageuka.
Anadunda, mara moja.
Anaruka, parachichi linatua kwenye gunia la mkaa.
Vidole vyake vinasema: moja, nukta, nne.
Sekunde moja na nukta nne ndizo zilizokuwa ubaoni.
Anarudia. Anapokea, anageuka, anadunda.
Nahesabu bila kupenda. Mbili na ushei.
Anarudia tena, sasa kwa haraka, mpaka anajikwaa,
na bado ni mbili.

Mbuyuni yote inanyamaza, au ni masikio yangu.

"Ndiyo hivyo!" anapasuka Materu.
"Kwa sababu kocha hakuweka mrefu mbele ya mrushaji!"
Na safari inaanza upya.

Hakuna aliyeitazama meza.
Mezani, usiku ule, nilikuwa mimi,
elfu kumi na tano na soda moja ya baridi,
dole gumba juu ya kitufe.
Sheria ni fupi: mpira ukigusa mkono, bonyeza.
Miaka thelathini nafungua saa za watu,
nikisikia mdundo unaochechemea nasema, huyu ni springi,
huyu ni vumbi, huyu ameangushwa na mtoto.
Mpira ukagusa mkono.
Nami nilikuwa natazama mguu wa kushoto wa yule chalii,
ulivyozunguka pale pale, laini, kama bawaba iliyotiwa mafuta,
nikasema moyoni: lo!
Urefu wa hiyo lo ndio urefu wa mechi.

Kwenye droo ya chini ipo saa ya kocha Elinaja.
Ilikuwa tayari tangu Jumanne.
Hajaja kuichukua. Wanasema siku hizi anazungukia Njoro
asipite sokoni.
Kila asubuhi naitia ufunguo,
naiweka sikioni,
nairudisha.

Jumapili wanacheza ya tano, Arusha.
Meza itakuwa ya watu wa kule.
Materu ameshasema watatuibia muda.

"Na wewe fundi," ananigeukia, mdomo una mtori,
"umekaa kimya kama hukuwepo.
Kocha au refa?"

Nikaitoa lensi. Nikaifuta kwa shati. Nikaifuta tena.
"Saa ya mtu wa Rau," nikasema,
"inataka betri mpya. Elfu tatu."