Ukurasa wa Tisa

Taipureta ya ofisi ya forodha ilikuwa kibogoyo:
jino la r liling'oka mwezi ule ule
serikali mbili zilipotaka kuandikiana.
Mama, Tima binti Shekue, karani wa daraja la tatu,
akaambiwa: chapa hivyo hivyo, kesho wageni wanashuka.

Akachapa.
U afiki. Biasha a. Banda i. Ushu u.
Usiku Kibokoni umeme ukakatika,
akakaa sakafuni na chemni na kalamu ya buluu,
akawa anapanda r moja moja mashimoni
kama mtu apandaye mtama mvua imekwisha kuchelewa.
Mia tatu na kumi na mbili.
Halafu nakala ya pili, mia tatu na kumi na mbili nyingine.
Asubuhi nikala hamri lenye alama ya dole la buluu.

"Angalia," aliniambia nilipojua kusoma,
"ahadi haina r. Amani haina.
Mkataba wenyewe hauna.
Lakini jaribu kupitisha gunia moja la chai
bila hiyo herufi."

Leo mkataba unahuishwa, mara ya nne.
Ukumbini Kizingo kiyoyozi kinakoroma,
bendera mbili zimepigwa pasi.
Mimi kiti cha nyuma, mhakiki wa Kiswahili,
jina langu halimo kwenye ratiba.
Nakala mpya imetoka mashineni kwa dakika tatu,
ingali vuguvugu,
r zote zimesimama kama askari wa gwaride
na hakuna hata moja iliyomchafua mtu kidole.

Itifaki inataka nakala kuukuu zilazwe kando ya mpya
wapiga picha wazione.
Yetu ilikaa kabatini, buluu yake mbichi.
Ya wageni walikuwa wameitundika ukutani kwa heshima,
jua la saa tisa likailamba miaka na miaka.
R zimekwenda zake.
U afiki na biasha a, inasema,
kama mtoto wa darasa la kwanza anayejivunia mapengo.

Katibu wao, bibi mwenye miwani ya kamba,
aliiona kabla ya waziri wake kuiona.
Akanisogezea kalamu chini ya meza.
Buluu.
Sijui alijuaje. Sikumuuliza.

Nikautia urafiki r yake.
Nikaitia biashara.
Bandari pia, kwa ajili ya mjomba Abeid
aliyepakua mbolea Kilindini mpaka mgongo ukakataa.
Nilipofika ushuru nikafunika kalamu.
Ibaki ushu u;
wauza vitunguu wa Kongowea hawatalalamika.

Wakubwa wakasaini, wakashikana mikono
muda mrefu kuliko wanavyoshikana watu,
makofi yakapigwa, sambusa zikazunguka.

Nikampitia mama baada ya isha.
Themanini na mmoja, macho yameingia ukungu.
"Wamesaini?"
"Wamesaini."
"Ukurasa wa tisa wameugusa?"

Ukurasa wa tisa, mstari wa mwisho,
katika nakala zote mbili
kuna shimo moja ambalo halikupata wino kamwe.
Wanasheria wa pande zote wamelipita miaka arobaini
kama watu wapitao shimo la barabarani
wanaloliita jirani.
"Nimeurekebisha mimi mwenyewe," nikasema.
"Neno ni rafiki. Ulilisahau, mama."

Akacheka mpaka leso ikamwanguka begani.
"Mia sita na ishirini na nne nizikumbuke,
mstari mmoja unishinde?
Na mara mbili?"
Akanyoosha kile kidole, sasa kimepinda kama ndoana.
"Isome kama nilivyoiacha."

Nikaisoma.

Kalamu ya katibu ningali nayo mfukoni.
Sikumrudishia.