Mwezi wa Ine

Kwanza nilitaka kuandika programu tatu,
maana zahanati ya Nyamugo ina mashini tatu
na hakuna hata moja inayojua lugha ya nyingine.
Ya mapokezi ni Windows, kuukuu, herufi R imeng'oka;
Mugisho huibonyeza kwa kifuniko cha bik.
Ya Masera Yosefina ni Mac, zawadi ya parokia moja ya Ohio,
hufunikwa kitambaa cha kufuma, kama mkate.
Ya depo, chini kwenye ngazi, ni Linux.
Niliiweka mimi, siku virusi vilipomaliza kilichokuwemo.

"Programu tatu," nikamwambia Cirhuza, "miezi tisa."
Akacheka na pini mdomoni.
Yeye ni fundi wa cherehani, Kadutu,
hushona koti moja livaliwe na ndugu watatu:
anaacha upindo mrefu ndani, basi.

Nikafuta yote.
Nikachukua vile vinavyojenga kurasa za mtandao,
HTML kwa mifupa, CSS kwa ngozi, JavaScript kwa mishipa,
nikachukua kivinjari kizima, nikakivua
anwani, vichupo, mshale wa kurudi nyuma,
nikakivalisha dirisha lenye jina la zahanati.
Mugisho mpaka leo hajui kuwa ni kivinjari.

Sikununua kitu. Ganda lilikuwa huria,
maktaba huria, hata kile kipicha cha kidonge, huria;
watu nisiowajua waliacha mlango wazi na taa inawaka,
na kwetu taa inayowaka si jambo dogo.
Ila cha bure nacho kina uzito:
mega mia na themanini, kwa kuhesabu vidonge!
Nilizishusha usiku wa manane, bei ikiwa chini.
Kuran ikakatika kwenye asilimia tisini na moja.
Nikaanza tena.
Ikakatika.

Jumatatu nikashuka ngazi za udongo, mvua inanyesha,
flashi nimeibana kwa meno, mikono yote miwili ukutani.
Mashini tatu zikafungua dirisha lilelile,
kijani kilekile, orodha ileile.
Nikajiona mtu.

Ni Nabintu wa depo aliyeniita kando.
Hakupandisha sauti. Akaweka katoni ya serum mezani.
"Leo ni tarehe kumi na tano, mwezi wa tatu, sivyo?
Hii, kwangu inaisha tarehe tatu, mwezi wa ine.
Kwa Masera imeisha tangu tarehe ine, mwezi wa tatu.
Ameamuru tutupe. Yaya, serum moja ina nyuso mbili?"

03/04.
Msitari mmoja, wangu,
niliouandika mara moja ili uende popote.
Ulikwenda popote, na kila ulipofika
ulimuuliza mwenyeji: kwenu tarehe husomwaje?
Mashini ya Ohio ikajibu kwa desturi ya Ohio.
Ilikuwa na adabu tu.
Katoni kumi na moja zilikwisha kwenda shimoni.
Nabintu alishuka na kamba, akatoa tisa.

Usiku ule sikuandika tarakimu.
Niliandika mwezi kwa maneno, na si kama vitabuni,
bali kama tunavyotamka hapa: mwezi wa ine.
Maneno yakafurika, safu ikavunjika, kwenye Mac peke yake.
Nikaacha upindo mrefu ndani.

Kisha nikaona: ile maktaba huria iliyonipa miezi
ina Kiswahili, ila cha kwetu hakimo.
Nikatuma misitari kumi na miwili.
Siku nne kimya. Siku ya tano,
mtu mwenye picha ya paka, sijui yuko nchi gani, akauliza:
"Hii 'ine', si kosa la uandishi?"

Nikajibu: hapana, ni Bukavu.

Akapokea. Sasa imo humo,
katika madirisha ya watu ambao hawatakanyaga ngazi hizi.
Nabintu husoma kwa sauti, kidole kwenye kioo,
kila Ijumaa, katoni kwa katoni.

Herufi R ya Mugisho bado.
Hiyo haina programu.