Limo, Lipo, Liko

Tartu, Desemba, ghorofa ya tatu.
Madirisha ni ya vioo viwili, na katikati
nzi wa kiangazi kilichopita, kakauka.
Maarika ameandika ubaoni:
*jina lililozaliwa ndani ya funksheni life humo humo.*
Endel atikisa kichwa. Koti hajavua.

"Na likitaka kutoka?"
"Liage."
"Kwa neno gani?"
Hapo ndipo walipokwama tangu Jumatatu.

Mwezi uliopita kigeu kimoja, herufi moja tu,
kilivuka mabano kama ng'ombe apitaye ua uliooza,
kikamkuta mwenzake wa jina lile lile huko nje,
kikamfuta.
Shule moja ya Võru ikakaa siku tatu bila joto,
watoto wakaandika imla na glavu mikononi.
Hakuna aliyekosea. Kila mstari ulikuwa sahihi
peke yake.

Endel ataka ukimya: jina lisilosema kitu
lihesabiwe mwenyeji wa chumba lilimo.
Maarika ataka kila jina lipige hodi,
liseme ni la nani, linakaa wapi.
"Utawachosha watu."
"Uchovu wa vidole hauzimi tanuri, Endel."

Saa tisa na nusu alasiri, giza limeshaingia.
Maarika avaa buti, avuka daraja hadi kwa mama yake,
chumba namba kumi na moja, harufu ya sabuni na viazi.
Nyumbani kwake Leida ni bintiye, miaka sita, mapengo mawili.
Humu Leida ni mdogo wake mama,
aliyezama ziwani akiwa na miaka tisa.

"Leida kala?" mama auliza.

Maarika asimama kizingitini na theluji mabegani.
Jina limo, lipo, au liko tu?
Tafuta kwanza ndani, kisha ukumbini, kisha nje kabisa:
kanuni kaiandika mwenyewe, kwa mkono wake,
na sasa haimfikishi popote.
"Kala, mama. Kamaliza sahani."
Mama akatabasamu, akageukia ukuta.

Usiku ule akampigia Endel.
"Neno tuliweke. Fupi."
"Sawa. Na jina la ndani likilifunika la nje,
mashine ifanyeje?"
"Ionye."
"Tu? Isikataze?"
"Isikataze."

Endel akangoja sababu.
Alichosikia upande wa pili ni birika likianza kuchemka,
na sauti ya mtoto ikiuliza nani anapiga simu saa hizi.