Sufi

Kabati la kioo alilouzia mama mahamri
sasa lina udongo wa Athi River,
gome la mti, kifuniko cha jamu chenye maji,
na pembeni, mpana kama kiganja changu,
amekaa Sufi.

Nilimtoa kwenye shimo la msingi
siku tuliyokwenda kulaza mabomba.
Kibarua alikwisha inua sepetu.
Nikavua helmeti, nikamfunika nayo.
Musembi akaniuliza, “Fundi, utamla?”

Nilimwita Sufi kwa ajili ya miguu yake,
pamba ya msufi iliyopita kwenye masizi.
Sikujua nimelipatia jina mara mbili.
Alifunga.
Nyenje niliyemtilia alimsukuma kando
kama mgeni anayesema ameshiba.
Rajabu akafunga, Shaabani akafunga,
Ramadhani tukafunga sote wawili,
Idi ikaingia, nikala peke yangu.

Moraa wa jirani huja kuchungulia,
pua kwenye kioo, mikono mgongoni.
“Anakujua?”
Hanijui. Kwake mimi ni mtikisiko wa sakafu,
kivuli kinacholeta maji.
“Sasa unamfuga ya nini?”
Nikampa biskuti.
Swali lenyewe lilibaki mezani na makombo.

Mwenye nyumba alipanda ngazi zote nne za Pangani
akihema, funguo zikimlia kiunoni.
“Paka, sawa. Kasuku, tutaongea.
Lakini buibui ndani ya nyumba yangu, hapana.”
Nami macho yakanikimbilia nyuma ya mlango
linakoning'inia buibui la mama
tangu Jumanne ile tuliyorudi Kariokor, makaburini.
Neno moja, viumbe viwili.
Sijui lugha yetu ni bahili
au iliona jambo mapema.
“Nitaliondoa,” nikamwambia.
Hakuuliza lipi.

Halafu usiku wa mvua, stima imekatika,
nikamulika kwa simu, nikamkuta chali.
Miguu minane juu, kimya,
kama mkono ulioacha kuomba.
Nikasema inna lillahi. Nikajicheka.
Nikasema tena, taratibu zaidi.
Nilitafuta boksi la viatu, nikalipata,
nikakaa nalo mapajani, nikashindwa kusimama.
Mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja,
fundi mabomba, mwenye kadi ya chama cha wafanyakazi,
analilia mdudu asiyemjua.
Labda sikuwa namlilia mdudu.

Saa kumi hivi, goti moja likatikisika.
Wanasiasa wetu husema wamejivua gamba.
Uongo. Nimeliona likivuliwa.
Mtu hulala chali, tumbo wazi kwa adui yeyote,
akatoa mguu ndani ya mguu,
kidole kwa kidole, kama glavu iliyolowa,
akapumzika, akavuta tena,
na hakuna anayepiga makofi.

Kulipopambazuka walikuwa wawili.
Mmoja mtupu, mkavu, na manyoya yake yote,
hata mahali pa macho pamebaki na umbo.
Wa pili mweusi mbichi, anang'aa,
meno meupe, laini,
hayawezi hata kumtoboa nyenje.
Wiki mbili asiguswe, asilishwe, asisumbuliwe.
Wa kike huweza kufika miaka ishirini.
Nilipiga hesabu, nikaiacha katikati.

Gamba nililiweka kwenye boksi la viatu.
Halafu nikaenda nyuma ya mlango
nikalishusha buibui la mama, mara ya kwanza,
nikalikung'uta dirishani, upande wa barabara ya Juja.
Ikadondoka punje moja ya hiliki,
ikaruka sakafuni, ikaingia chini ya kabati.

Sikumpa mtu. Nililitundika tena,
safari hii likitazama nje.