Jiwe la Telvina

Usiniambie rangi, alisema Telvina,
wala usiulize bei.
Nipe kwanza zile za zamani.

Nikampa, zimeviringishwa ndani ya gazeti,
raba zangu za msimu uliopita,
bado zina tope la Septemba
na harufu ya zizi la kondoo.
Akazilaza kifudifudi,
akapitisha kidole gumba juu ya soli,
polepole, akisoma.

"Kisigino cha kulia kimekwisha. Cha kushoto bado kipya.
Wewe unaogopa kuteremka.
Unafunga breki kwa mguu mmoja
na deni unaliachia goti."

Nilinyamaza. Goti lilijua.
Mwaka jana, chini ya kile kilele cha mawe meupe,
ukungu ulishuka bila hodi
nami nikashuka bila miguu:
mita sita za kokoto, kiwiko, nyonga, kiwiko tena,
mpaka mbuzi mmoja akaacha kutafuna, akanitazama.
Aliyesema heri kujikwaa dole kuliko ulimi
hakuwahi kujikwaa huku.

Duka lake ni chumba kimoja.
Ukutani zinaning'inia kazi za marehemu babake,
viatu vya mti vyenye vijiguu vitatu chini,
ambavyo watu wa Asturias walivaa juu ya ndara za nyumbani
kuvuka tope na samadi.
Vitatu, kwa sababu kigoda cha miguu mitatu
hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu.
Baba alichonga mti, binti anauza mpira na nailoni,
na swali ni lile lile:
chini kuna nini?

Mimi nilizitamani zile za samawati,
soli nene kama mkate wa Jumapili.
Nel wa posta anazo, anazisifu kama mchumba.
"Nel anakimbia kando ya mto," akasema Telvina,
"njia imefagiliwa mpaka inang'aa.
Juu ya mawe, soli nene ni mkalimani mvivu.
Jiwe linatoa neno kali,
yeye anakufikishia salamu.
Ukija kuelewa, kifundo kimeshapinda."

Nyuma ya mlango ana bamba la jiwe la chokaa,
alilibeba mgongoni mwenyewe kutoka juu,
limeegemezwa kwenye gogo, limeinama.
Akalimwagia maji ya birika.
"Panda."

Jozi ya kwanza iliteleza kabla sijavuta pumzi.
Ya pili ilikuwa na meno marefu, ya kung'ata tope,
lakini juu ya jiwe nilikuwa mtu aliyesimama juu ya misumari.
Ya tatu ilikuwa mbaya. Niruhusu niseme hivyo.
Rangi ya uji uliomwagika,
pua ngumu ya kulinda vidole,
meno mafupi, mpira laini wa kunata.
Nikasimama. Nikainama mbele. Nikasubiri kuanguka.
Maji yalipita chini yangu yakaenda zake.

"Nusu namba zaidi," akasema.
"Saa ya nne mguu unavimba, na kucha hazisamehi."
Kamba akazifunga yeye, mpaka tundu la mwisho,
kisigino kikatulia kama yai kiotani.

Sikushinda kitu. Mwezi Juni nilimaliza wa mia na kumi na mbili,
nyuma ya Benigna, mwalimu mstaafu wa hesabu,
aliyenipita kwenye mteremko akinitakia mchana mwema.
Jumatatu nikapita dukani.
Telvina hakuuliza muda wangu. Alinyoosha mkono tu.
Nikavua, nikabaki na soksi juu ya sakafu baridi.

Visigino vyote viwili vimelika sawa.
Mbele, chini ya dole gumba, meno mawili yameng'oka.

"Hapa," akasema, akigusa pengo,
"hapa uliliamini jiwe."
Kisha, bila kuinua macho,
akanitajia bei ya jozi mpya.